Kamati ya Ukombozi na uzito wa kutambuliwa

Wakuu wa nchi huru za Afrika waliokutana Addis Ababa Mei 1963 hawakuishia kutia saini mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Katika kikao hicho hicho waliunda kamati ya nchi tisa: Algeria, Ethiopia, Guinea, Kongo-Léopoldville, Misri, Nigeria, Senegal, Tanganyika na Uganda. Kazi yake ilikuwa kuratibu misaada kwa wapigania uhuru, na makao yake yakawekwa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo Kamati ya Ukombozi iliyodumu hadi 1994, ikiongozwa kwa zamu na makatibu watendaji wa Kitanzania: Sebastian Chale, George Magombe, kisha Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyeishika kwa muda mrefu kuliko wenzake. Wanaoikumbuka leo huanza na bunduki na fedha. Mimi nashikilia kwamba nguvu yake kubwa ilikuwa kwingine. Kamati ilikuwa na sauti ya kusema chama kipi kinasimama badala ya watu wa nchi fulani na kipi hakisimami, na sauti hiyo ilisikika mbali sana na Dar es Salaam.

Kwa kipimo cha fedha Kamati ni rahisi kubezwa. Mfuko wake maalumu ulitegemea michango ya nchi wanachama, na nyingi kati ya hizo zilichelewa kulipa au hazikulipa kabisa. Silaha nyingi zilitoka Umoja wa Kisovieti, China na nchi nyingine za kijamaa. Lawama zilianza mapema: Julai 1964 mjini Cairo, Kwame Nkrumah, ambaye nchi yake ya Ghana haikuwamo katika zile tisa, aliishambulia Kamati mbele ya wakuu wenzake, na Mwalimu Nyerere akamjibu kwa ukali. Malalamiko kuhusu upungufu wa fedha na mpangilio hayakuwa ya uzushi. Hata hivyo, anayepima kwa fedha peke yake anasahau kwamba bunduki iliyotolewa Moscow au Peking ilihitaji bandari ya kushukia, ghala la kuhifadhiwa, barabara ya kupitia na serikali iliyokubali kubeba hatari ya kisasi. Serikali hiyo nayo ilihitaji kujua inamfungulia nani mlango. Chama kilichokwisha kutambuliwa kilipata ofisi mjini, nafasi ya kusikika redioni, hati za kusafiria kwa viongozi wake na, juu ya yote, ardhi ya kufundishia wapiganaji.

Ardhi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, ilianza kupokea wapiganaji mwaka 1964, na kwa miaka kadhaa walikaa huko watu wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola wakiwa majirani. Nachingwea, kusini, ikawa shule kuu ya kijeshi ya FRELIMO. Mahali pote pawili palikuwa mashamba ya mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha baada ya Vita Vikuu vya Pili, ukala mamilioni ya pauni na kuporomoka. Ardhi iliyofyekwa ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kupikia ikawaandaa watu wa kuung'oa ukoloni wa Kireno. Na gharama haikuwa ya kinadharia. Vijiji vya kando ya mto Ruvuma vilionja mashambulizi ya Wareno, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa.

Ushahidi wa wazi zaidi wa uzito wa kutambuliwa uko New York. Kufikia 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limefungua milango kwa vyama vya ukombozi vihudhurie kama watazamaji, na kigezo lilichokitumia kilikuwa ni kama chama kimetambuliwa na OAU. Maana yake ni kwamba uamuzi uliopikwa na ofisi ndogo ya Dar es Salaam ulikuwa tiketi ya kuingia kwenye ukumbi ambamo Ureno na Afrika Kusini zilidai kuwasemea watu wale wale. Kwa upande mwingine, SWANU ya Namibia, iliyositasita kushika silaha, ilibaki bila utambuzi huo, na ikafifia huku SWAPO ikipanda.

Hapo ndipo pingamizi zito linapoibuka: nani aliipa Kamati haki ya kuwachagulia watu wa nchi nyingine wasemaji wao? Swali hili haliwezi kupuuzwa, kwa sababu Kamati ilikosea. Mwaka 1963 iliipendekeza GRAE ya Holden Roberto itambuliwe kuwa serikali ya Angola uhamishoni, ikaiweka MPLA kando. Ilipofika 1971 OAU ilikuwa imeondoa utambuzi huo. Novemba 1975 Angola ikapata uhuru vyama vyake vitatu vikiwa vitani, na mkutano wa dharura wa OAU wa Januari 1976 ukagawanyika nusu kwa nusu, nchi 22 dhidi ya 22. Tena, kukipa chama kimoja uhalali wote kuliwafunga mdomo waliokipinga kutoka ndani. Andreas Shipanga wa SWAPO alikamatwa Zambia mwaka 1976, akahamishiwa Tanzania na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi 1978. Historia ya Kamati ikiandikwa bila jina lake itakuwa na pengo.

Lakini njia nyingine ilikuwa ipi? Kura isingeweza kupigwa Lourenço Marques chini ya polisi wa siri wa Ureno, wala Windhoek chini ya Pretoria. Bila mwamuzi wa Kiafrika, uamuzi wa nani msemaji halali ungebaki kwa wafadhili, kila mmoja akiwa na chama chake mfukoni. Angola yenyewe inaonyesha hivyo: pale Waafrika waliposhindwa kuwa na neno moja, mataifa ya nje yalijaza nafasi, na vita havikukoma hadi 2002. Msumbiji FRELIMO ilitambuliwa bila mshindani wa maana, na baada ya mapinduzi ya Lisbon ya Aprili 1974 Ureno ilijua ni nani wa kukaa naye mezani. Makubaliano ya Lusaka yalitiwa saini Septemba mwaka huo huo, na uhuru ukaja tarehe 25 Juni 1975. Vita vya ndani vilivyofuata havikutokana na swali la nani alistahili kukabidhiwa nchi siku ile. Vilichochewa kwanza kutoka Rhodesia.

Zimbabwe ilifuata mwaka 1980, Namibia 1990, na Aprili 1994 Waafrika Kusini wa rangi zote wakapiga kura. Miezi michache baadaye Kamati ilifungwa rasmi katika kikao cha Arusha, Mbita akiwa bado katibu mtendaji. Baada ya hapo aliongoza mradi wa SADC wa kukusanya kumbukumbu za mapambano hayo, uliozaa vitabu tisa. Alifariki Aprili 2015. Sahara Magharibi, ambayo OAU ilikwisha kuipokea kama nchi mwanachama tangu miaka ya 1980, mpaka sasa haijapigiwa kura ya maoni iliyoahidiwa, na Kamati iliyofungwa Arusha haikuachiwa mrithi wa kuifuatilia.