Taya na Subira ya Waganga

Wengi wetu tumekwisha kuona mtu aliyepiga miayo sana, kisha kinywa kikakataa kufungika. Nyumba nzima hushikwa na hofu. Lakini mganga ajuaye kazi yake hachukui kisu. Hutia vidole gumba kinywani, hushika kidevu kwa vidole vingine, husukuma taya chini na nyuma, nalo hurudi mahali pake. Ufundi huo si wa jana. Waganga wa Misri walieleza jambo hilo katika karatasi ya mafunjo iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo.

Tena kiungo cha taya kina taabu nyingine isiyoonekana upesi: maumivu mbele ya sikio, mlio wakati wa kutafuna, kinywa kisichofunguka vema. Mwaka 1934 daktari James Costen, wa mji wa St. Louis katika Marekani, aliandika habari za wagonjwa 11 wa namna hiyo. Alidhani kwamba mtu aliyepungukiwa na meno hufunga taya kupita kiasi, na mfupa hubana mishipa iliyo karibu na sikio. Basi, wengi wakaanza kurekebisha na kusaga meno ya wagonjwa. Baadaye wataalamu wa mifupa na mishipa walionyesha kwamba sababu ile haikuwa kweli. Katika miaka ya 1950 Laszlo Schwartz wa New York alitazama zaidi misuli, na mahangaiko ya moyo yanayomfanya mtu akaze meno.

Mwaka 1976 madaktari wa Chicago walifanya jaribio la ajabu. Walijifanya tu kuwasaga meno wagonjwa 25, wala hawakuyapunguza. Kumbe 16 kati yao walisema wamepona au karibu kupona! Tufikiri kidogo: ni watu wangapi waliosagwa meno bure? Na jino lililosagwa halioti tena.

Lakini wengine hawakusubiri. Katika miaka ya 1980 wapasuaji wa Marekani waliwatia wagonjwa vipande vyenye Teflon ndani ya kiungo. Vipande vilimomonyoka, mfupa ukaliwa, na wengi wakabaki na maumivu kuliko mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaamuru viondolewe sokoni.

Mwaka 1996 wataalamu walikutana Bethesda, wakashauri kuanza na dawa zisizoharibu kitu: chakula laini, kupumzisha taya, kitambaa cha moto, mazoezi ya kufungua kinywa. Mwaka 2023 wataalamu wengine walisifu tena mazoezi, ukandaji na kufundishwa kutuliza moyo.

Hatusemi kisu hakina kazi. Taya lililovunjika, au lenye uvimbe na homa, lipelekwe hospitali mara moja. Lakini kwa maumivu mengine, tumwulize daktari kwanza: dawa hii ikishindwa, je, tutaweza kurudi nyuma?