Miaka Kumi na Sita ya Kumngojea Tex

Mwisho wa mwaka 1999 kaka yangu alikuja Unguja likizo kutoka Maskati, na katika mizigo yake mlikuwa na kompyuta iliyoviringishwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya kwanza kuingia katika nyumba ya baba yetu. Majirani walikuja kuitazama, wakanywa chai, wakaenda zao. Sisi wawili tulikesha nayo, kwa sababu kaka alileta pia kijisanduku chenye diski 5, na ndani ya diski hizo alikuwamo mpelelezi wa Kimarekani aitwaye Tex Murphy.

Watu wa rika langu huniuliza, je, mtu mzima na akili zake anakumbukaje mchezo wa kompyuta? Jawabu langu ni kwamba sisi tulikulia katika vitabu vya Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa hapa kwetu alimzaa mpelelezi wake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, na akampa jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yake mwenyewe: M.S.A. Baada ya Mwana wa Yungi Hulewa cha mwaka 1976, wasomaji walikaa mpaka 1984 ndipo walipopata Kosa la Bwana Msa. Kwa hiyo kumngojea mpelelezi haikuwa kazi ngeni kwetu. Wala hatukushangaa kuona muumbaji amejivika nguo za kiumbe wake, kwani Tex naye alikuwa vivyo hivyo.

Tex alizaliwa mwaka 1989 katika mji wa Salt Lake City, kwenye kampuni ya Access Software. Mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Chris Jones, ndiye aliyevaa koti refu na kofia ya ukingo mpana akapigwa picha za mchezo wa kwanza, Mean Streets. Hakuwa mwigizaji. Lakini alipokwisha kulivaa lile koti hakulivua tena. Mwaka 1991 ukaja Martian Memorandum, na mwaka 1994 ukaja ule uliomtangaza, Under a Killing Moon, uliojaa diski 4 wakati ambapo mtu mwenye kompyuta ya kusoma diski moja alijiona tajiri. Ndani yake waliigiza watu wenye majina makubwa, kama Margot Kidder na James Earl Jones. The Pandora Directive wa mwaka 1996 ulikuwa na diski 6. Aaron Conners aliandika visa, Jones akaigiza, na wote wawili wakabuni.

Mahali pa kisa ni San Francisco ya wakati ujao, baada ya vita vikuu vya tatu. Wengine miili yao imeharibiwa na miale ya mabomu, na wale waliosalimika huwatazama kwa jicho la dharau. Tex mwenyewe hakuharibika, ila anaishi mtaani pamoja nao, ana madeni, hana bahati na wanawake, na chini ya lile koti la heshima amevaa viatu vya mpira. Kaka alimpenda kwa ajili ya vile viatu. Yeye ndiye aliyeshika kipanya. Mimi nilikaa pembeni na kamusi na daftari, nikiandika kila jina lililotajwa.

Mchezo wetu wa diski 5 ulikuwa Overseer, wa mwaka 1998. Humo Tex anamsimulia Chelsee, mwanamke aliyemhangaikia kwa miaka, habari za kesi yake ya kwanza. Tulimaliza usiku wa kuamkia safari ya kaka. Kesi ikafumbuka, Tex na Chelsee wakapanda gari lirukalo angani, hatari ikawavamia humo humo, na kisa kikakatwa. Sisi tulidhani diski imeharibika. Kaka aliitoa, akaipangusa kwa kanzu yake, akairudisha. Ikakatika pale pale. Hapo ndipo tulipotambua kwamba wenyewe wamekusudia, na kwamba mchezo mwingine lazima uko njiani.

Haukuwa njiani. Mwaka ule ule wa 1999 Microsoft ilikuwa imekwisha kuinunua Access, ambayo ilisifika zaidi kwa michezo yake ya gofu iitwayo Links. Michezo ya kuongea na kupeleleza ilikuwa imepungukiwa na wanunuzi, na kupiga filamu kwa ajili yake ni gharama. Mwaka 2001 mashabiki walipewa tamthilia za kusikiliza tu, mfano wa michezo ya redio, zilizoendeleza kisa kwa sauti. Mwaka 2004 kampuni ikauzwa tena, kwa Take-Two, na mwaka 2006 ikafungwa. Jones na Conners wakaanzisha duka lao dogo, Big Finish Games, mwaka 2007.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili: nani alikuwa na deni? Aliyenunua kampuni hakumwahidi msomaji chochote; kwake kisa kile kilikuwa bidhaa moja ghalani. Walioahidi ni wale wawili, na wao hawakuwa na mali. Basi mwaka 2012 waliwaomba mashabiki wachange kwa njia ya intaneti, wakitaka dola 450,000. Zilipatikana karibu 600,000. Mimi nililiona jambo hilo si la haki, yaani mdai amlipe mdaiwa ili alipwe deni lake, na nikamwambia kaka hivyo kwa simu. Yeye alikuwa amekwisha kuchanga. “Bwana mdogo,” akaniambia, “mimi sikununua mchezo. Nimenunua mwisho.”

Hakuniambia wakati ule kwamba sukari ilikuwa imeanza kumla macho. Alirudi Unguja kwa jumla mwaka 2013, akishikwa mkono na shemeji kutoka kwenye ngazi za ndege. Mei 7, 2014, Tesla Effect ulipotoka, alikuwa akitambua mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi.

Ilinichukua usiku mbili kuuteremsha mchezo kwenye kompyuta yangu, mtandao ukiwa ule ulivyo. Safari hii kipanya nilishika mimi, naye akakaa pembeni. Nilimsomea maandishi na kumweleza vyumba: mlango kushoto, meza, droo imefungwa. Kumbukumbu yake ilikuwa kali kuliko daftari langu. Mara mbili alinitoa mahali nilipokwama. Sitaki kuupamba mchezo wenyewe. Baadhi ya mafumbo yalinichosha, na mengine niliyaona yamewekwa kurefusha njia tu.

Na mwanzo wake ulinikera. Tex anaamka mwaka 2050 akiwa na jeraha kichwani, hakumbuki lolote la miaka 7 iliyopita, na Chelsee hayupo. Nikasema hii ni hila ya waandishi, wamekimbia swali tulilolingojea tangu Overseer. Kaka akacheka mpaka akakohoa. “Amepotewa na miaka saba tu? Huyo ana bahati.”

Chris Jones alikuwa amezeeka. Uso umejaa, na hatua zimekuwa nzito. Sikumwambia kaka. Kwa masikio yake Tex alikuwa yule yule, na sauti ile ya mzaha na uchovu haikubadilika sana. Lakini alipotokea Chelsee, kaka alinishika mkono kabla sijasema kitu.

“Ni yule yule mwanamke?”

“Yule yule, Suzanne Barnett.”

“Na koti?”

“Koti lile lile, kaka. Na viatu.”

Akanyamaza. Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, asikie tena. Nikajaribu, sikupata njia. Ikabidi nirudi mahali nilipohifadhi mara ya mwisho, kiasi cha nusu saa nyuma. Shemeji alikuwa amekwisha kuzima taa za ukumbini. Tukaanza tena, mlango kushoto, meza, droo imefungwa.