Ishoko

Ishoko (pia: Ishoye) ni mhusika wa kike katika masimulizi na imani za Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Anahusishwa na jua, na katika baadhi ya hadithi ndiye aliyewaumba wanyama na binadamu. Jina lake hutajwa pia kama salamu, au kumtakia mwindaji heri anapokwenda porini. Kwa sababu hiyo baadhi ya waandishi humwita mungu wa kike wa Wahadzabe, ingawa hana hekalu, kuhani wala sanamu.

Wahadzabe
Wahadzabe, ambao zamani waliitwa pia Watindiga au Wakindiga, ni watu zaidi kidogo ya 1,000. Wengi wao wanaishi katika bonde la Yaeda (wilaya ya Mbulu) na upande wa Mang'ola (wilaya ya Karatu). Chakula chao cha asili ni nyama ya porini, asali, mizizi, ubuyu na matunda mengine ya msituni. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale, ambayo mingine hupakwa sumu ya mimea. Wanawake huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongoka na kukusanya matunda. Si wote wanaoishi hivyo leo, lakini wapo ambao bado hutegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao.

Jina
Kihadzabe kina sauti za vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa mlio wa ulimi, na hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote. Tofauti na Kiswahili, ambacho hupanga nomino kwa ngeli, lugha hiyo hugawa nomino katika jinsia ya kiume na ya kike. Kiishio -ko ni alama ya jinsia ya kike katika umoja, nacho kimo katika jina Ishoko. Hadithi zake zikitafsiriwa kwa Kiswahili, alama hiyo hupotea, kwa kuwa kiambishi a- hutumika kwa mwanamume na mwanamke pia. Msomaji asipoambiwa kwamba Ishoko ni mwanamke, hawezi kujua kutokana na sarufi.

Masimulizi
Ishoko ana mume aitwaye Haine, anayehusishwa na mwezi. Inasimuliwa kwamba zamani mbingu ilikuwa chini na dunia juu. Wawili hao walizikunja kama ngozi mbili, wakazibadilishana nafasi, na tangu hapo mbingu ikawa juu yetu. Kisha wakaamua kila mnyama aishi wapi na ale nini. Binadamu walipewa moto na uwezo wa kuketi.

Katika hadithi nyingine, baadhi ya viumbe wa Ishoko waligeuka balaa kwa wenzao. Miongoni mwao walikuwapo majitu yaliyokula watu. Ishoko alipoona hivyo, aliwaua. Huwatunza wanaomsaidia na kuwaadhibu wengine. Basi yeye si mpaji tu: aliyeumba ndiye pia anayerekebisha uumbaji wake unapokwenda kombo.

Uwindaji
Ishoko hutofautiana na miungu wa uwindaji wanaojulikana zaidi vitabuni. Artemi wa Wagiriki alikuwa na hekalu mashuhuri huko Efeso, nayo Biblia inaeleza ghasia za mafundi wa mji huo waliotengeneza vihekalu vyake vya fedha (Matendo ya Mitume 19). Kwa Wahadzabe hakuna biashara ya namna hiyo. Jina la Ishoko hutamkwa na watu wa kawaida, bila sadaka na bila mtu wa kuwaombea.

Hata hivyo, uwindaji wao una miiko. Mnyama mkubwa akiuawa, huitwa kwa jina jingine maalumu, tofauti na lile la siku zote. Sehemu fulani za nyama yake huitwa epeme. Huliwa na wanaume waliokubaliwa tu, mbali na wanawake na watoto. Neno hilo ni jina pia la ngoma ya usiku usio na mbalamwezi. Moto huzimwa, wanaume hucheza mmojammoja wakiwa wamevaa manyoya ya mbuni kichwani na njuga mguuni, na wanawake huimba.

Kuandikwa kwa hadithi
Mjerumani Erich Obst alifika kwa Wahadzabe mwaka 1911, naye Dorothea Bleek wa Afrika Kusini mwaka 1930. Mkusanyaji mkubwa wa hadithi zao alikuwa daktari Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyefanya safari za utafiti eneo la Eyasi katika miaka ya 1930. Alizichapisha kwa Kijerumani, zikiwemo zile za kitabu Das Zauberhorn (1956). Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza James Woodburn alianza utafiti wa muda mrefu kuhusu maisha yao.

Hali ya sasa
Kwa kuwa Ishoko hana jengo wala maandiko yake, kumbukumbu yake inategemea lugha, wasimulizi na pori lenyewe. Vyote vitatu vimebanwa. Wafugaji na wakulima wameingia katika maeneo ya Wahadzabe, na wanyamapori wamepungua. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha kijijini Yaeda. Wengi waliugua, na wengi waliosalia wakarudi porini. Shuleni watoto wao hufundishwa kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, na wanaosoma bweni hukaa mbali na wazee wanaojua hadithi hizo.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi ya hekta 20,000 hivi, iliyotolewa kwa jamii nzima na si kwa mtu mmojammoja. Hati hiyo huwapa nguvu ya kisheria ya kuzuia mashamba mapya katika eneo lao, na hivyo kulinda pori ambamo mwindaji bado hutakiwa heri kwa jina la Ishoko.