MacGregor

MacGregor (pia McGregor) ni jina la ukoo la Uskoti, lenye maana ya "mwana wa Gregor". Chimbuko lake ni bonde la Glen Orchy, katika Nyanda za Juu. Majina machache yameteswa kama hili. Mwaka 1603, baada ya akina MacGregor kuwaua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun huko Glen Fruin, Mfalme James VI alilipiga marufuku. Aliyeng'ang'ania kuitwa hivyo alihatarisha maisha yake. Wengi wakajificha nyuma ya majina ya majirani, kama vile Drummond na Murray. Hata Rob Roy (1671–1734), MacGregor maarufu kuliko wote, alitumia Campbell, jina la upande wa mama yake. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, na kufutwa moja kwa moja 1774. Wahamiaji walilieneza jina hili hadi Kanada, Australia na New Zealand.