Maradhi Yanayojificha

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku tuliyomzika mdogo wangu, aliyeanguka ghafla akicheza mpira, niliona methali hii inamwonea. Yeye hakuficha kitu. Maradhi ndiyo yaliyojificha. Nyumbani wengine walinong'ona habari za husuda. Mimi nikaanza kusoma, na kusoma kukanifikisha Naxos, kisiwa cha Ugiriki.

Huko, mwaka 1986, daktari Nikos Protonotarios na wenzake walieleza jambo la ajabu. Katika familia fulani walizaliwa watoto wenye nywele za kusokotana kama sufu. Walipoanza kutumia mikono na miguu, ngozi ya viganja na nyayo ikawa ngumu. Walipofikia ujana, mapigo ya moyo yalikwenda mrama, na wengine walikufa ghafla. Misuli ya moyo, hasa upande wa kulia, ilikuwa ikigeuka mafuta na makovu.

Nywele na moyo vina udugu gani? Jibu lilipatikana mwaka 2000: herufi mbili tu zimepotea katika jeni ya plakoglobini, kwenye kromosomu ya 17. Protini hiyo husaidia kushikanisha seli, mfano wa gundi. Ngozi na moyo huvutwa na kusukumwa kila siku. Gundi ikilegea, huko ndiko huachia. Mtoto huugua akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia.

Watu wa Naxos walau walikuwa na ishara kichwani. Wengi wenye maradhi ya jamii hii hawana nywele za kuwatahadharisha. Kwao kipimo cha jeni chaweza kusema mapema, kabla moyo haujayumba, na mtu akaacha michezo mizito, akapewa dawa, au akawekewa kifuani kifaa cha kuushtua moyo.

Lakini kipimo hicho huanzia vizuri kwa aliyeugua. Kasoro ya ukoo isipojulikana, jibu la "hakuna" si hati ya uzima. Damu ya mdogo wangu ilizikwa naye.

Mwanangu naye anapenda mpira. Kila mwaka nampeleka apimwe umeme wa moyo na picha yake. Daktari akisema ni mzima, nashukuru. Kisha nakwenda kuketi kando ya uwanja, nikimhesabia hatua.