Karema: ngome iliyogeuka misheni

Jimbo Katoliki la Sumbawanga, linalotuhudumia hata sisi wa Muze huku bondeni, chini ya ukingo wa Ufipa, chimbuko lake ni ngome ya silaha.

Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier wa Ubelgiji alijenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika lililoanzishwa na Mfalme Leopold II. Mwaka 1883 Kapteni Émile Storms alitoka hapo, akavuka ziwa na kuanzisha kituo cha Mpala. Desemba 1884 watu wake walimuua mtawala Lusinga na kumkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Anayeandika historia ya kanisa letu hana ruhusa ya kuliruka hilo.

Baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold alikuwa ameshajipatia Kongo, na Karema ikawa upande asioutaka tena. Mazungumzo yakafanyika Ulaya, mbali na wenye ardhi. Mwaka 1885 vituo vyote viwili vikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Silaha hazikuwekwa chini mara moja: mwaka uliofuata alifika Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Papa, kuzilinda misheni dhidi ya wateka watumwa.

Lakini mtu wa Karema ninayemheshimu kuliko makapteni wote ni Adriano Atiman. Alizaliwa maeneo ya Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, kisha akasomeshwa uganga huko Malta. Alifika Karema 1889, akiwa katekista na tabibu. Alitibu kwa dawa za Ulaya alizofundishwa, na zilipopungua alijifunza mitishamba kwa wenyeji. Hakurudi kwao. Aliwatibu watoto, kisha watoto wao, hadi alipofariki mwaka 1956 hapohapo Karema. Ni zaidi ya miaka 60 ya kazi. Kwenye maadhimisho yoyote ya misheni hii, jina lake litangulie la mfalme.

Karema ikawa makao ya vikarieti, na 1953 ikawa jimbo. Mwaka 1969 jimbo likapewa jina la Sumbawanga, na mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda, ambalo ndilo lenye Karema leo.