Kutoka Machela hadi Gari la Wagonjwa



Kila mtoto aliyelelewa hekaluni anakijua kisa cha Hanuman na mlima. Lakshmana ameanguka vitani, tabibu ameagiza mmea wa Sanjivani kutoka Himalaya kabla jua halijachomoza, naye Hanuman, aliposhindwa kuutambua mmea wenyewe, aliung'oa mlima mzima akaruka nao hadi uwanja wa vita. Aghalabu kisa hiki hutolewa kuwa mfano wa utii na ibada, na ndivyo kilivyo. Mimi hukiona pia kuwa kisa cha kale zaidi cha ambulensi ninachokifahamu, ila mambo yamegeuzwa: si majeruhi aliyepelekwa kwenye dawa, bali dawa ndiyo iliyomfuata majeruhi pale alipolala.

Nasema hayo bila mzaha, kwa kuwa neno ambulensi limetokana na Kifaransa, na hapo awali halikuwa na maana ya gari hata kidogo. Lilimaanisha hospitali inayotembea, yaani hospitali iliyofuata jeshi. Taabu ni kwamba hospitali hiyo iliwekwa mbali nyuma ya mapigano, na majeruhi waliachwa chini hadi vita vya siku hiyo viishe. Mwaka 1792 daktari kijana wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, alichukizwa na desturi hiyo. Akabuni magari mepesi ya magurudumu mawili, yenye kukokotwa na farasi wawili, yaliyoingia karibu na mapigano na kutoka na majeruhi papo hapo. Watu wakayaita ambulensi zirukazo. Alipofika Misri pamoja na Napoleon, ambako magari yalizama mchangani, Larrey aliwatumia ngamia, kila mmoja akibeba majeruhi ubavuni huku na huku.

Jambo kubwa zaidi alilolifanya Larrey halikuwa la magurudumu. Aliagiza kwamba aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza, bila kutazama cheo chake, wala jeshi alilotoka. Sisi Wahindi tunazo kumbukumbu zinazofanana na hizo. Ndugu zetu Masingasinga humkumbuka Bhai Kanhaiya, ambaye mwanzoni mwa karne ya 18, katika vita vya Anandpur, aliwanywesha maji majeruhi wa pande zote mbili. Aliposhtakiwa kwa Guru Gobind Singh kwamba anawafufua maadui, Guru hakumkemea, bali alimpa na dawa ya kupaka vidonda.

Katika nchi yetu hii hapakuwa na magari wala farasi. Mbung'o walihakikisha hivyo. Kila kilichosafiri kutoka pwani hadi maziwa makuu kilisafiri mabegani mwa watu, wakiwamo wagonjwa. David Livingstone, katika siku zake za mwisho mwaka 1873, hakuweza tena kutembea wala kukaa juu ya punda, basi watu wake wakamtengenezea machela ya miti, naye katika shajara yake aliiita kwa neno la Kiswahili, kitanda. Alipofariki, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwetu Gujarati hali haikuwa tofauti sana. Aliyewahi kwenda Girnar, pale Junagadh, amewaona wabeba doli wakiwapandisha wazee ngazi zipatazo elfu kumi kwenda mahekaluni, mabega yao yakiwa yameota sugu. Doli hiyohiyo ambayo katika nyimbo zetu humchukua bibi harusi, katika jeshi la India ndiyo iliyochukua majeruhi.

Bagamoyo inanikumbusha mtu mmoja ambaye historia yetu humtaja kwa haraka mno. Sewa Haji Paroo alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851 katika familia ya Khoja yenye asili ya Kachchh. Biashara yake ilikuwa kuandaa misafara: bidhaa, vyakula, na zaidi ya yote wapagazi. Hapana shaka alitajirika kwa mabega ya watu. Lakini kabla ya kufariki mwaka 1897 alitoa mali yake ili watu wasio Wazungu nao wapate hospitali Dar es Salaam, wakati Wajerumani walipokuwa wakijijengea ya kwao kule Ocean Road. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo, na jengo la Sewahaji bado lipo pale. Wengi wetu tumemtembelea mgonjwa katika jengo hilo bila kujiuliza jina lile limetoka wapi.

Sasa nije kwa Mohandas Gandhi, kijana wa Porbandar aliyepita katika pwani yetu mwaka 1893, akasimama Lamu, Mombasa na Unguja akielekea Natal. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899, alikusanya kikosi cha Wahindi cha kubeba majeruhi. Serikali ilikataa kwanza, ikakubali pale hali ilipokuwa mbaya. Walikuwa watu wapatao 1,100, na kati yao takriban 800 walikuwa vibarua wa mkataba waliotolewa katika mashamba na waajiri wao. Walihudumu Colenso mwezi Desemba 1899, kisha Spion Kop Januari 1900. Makubaliano yalikuwa kwamba wasiingie mahali risasi zinapofika. Jenerali Buller alipowaomba waingie, waliingia. Siku nyingine walitembea maili 20 hadi 25 wakiwa na machela mabegani. Vita vilipotulia, viongozi wa kikosi walitunukiwa medali. Vibarua walirudi mashambani.

Mwaka 1906, Wazulu walipoinuka dhidi ya kodi, Gandhi alitoka tena, safari hii na watu wasiozidi 24 au hivi. Huko aliona jambo ambalo hakulitarajia. Wengi wa waliohitaji tiba hawakuwa majeruhi wa vita, walikuwa Wazulu waliochapwa mijeledi, ambao vidonda vyao vilikuwa vimeoza kwa sababu hakuna Mzungu aliyetaka kuwahudumia. Wahindi wale wakawa wauguzi wa watu waliopigwa na serikali ileile iliyowapa sare. Wapo wanaomlaumu Gandhi kwa kuitumikia dola ya Uingereza katika vita vile viwili, nami naona lawama hiyo ina uzito. Yeye mwenyewe mwaka 1920 alizirudisha medali zake. Lakini mtu aliyeoshwa kidonda chake siku ile katika vilima vya Natal hakuwa na haja ya kuuliza siasa ya mwoshaji.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta habari hii hadi milangoni kwetu. Novemba 1914 askari kutoka India waliteremshwa Tanga, wakashindwa vibaya na jeshi la Lettow-Vorbeck katika siku tatu. Baada ya hapo vita vilisambaa nchi nzima, na Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam. Huko Ulaya magari ya injini yalikuwa yameanza kuchukua majeruhi kwa maelfu. Huku kwetu farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na magari yakakwama katika tope la Rufiji wakati wa masika ya 1917. Ikabaki njia ileile ya zamani. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, kubeba risasi na vyakula kwenda mbele, na majeruhi kurudi nyuma. Kambi ya kikosi chao, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ilikuwa katika eneo la soko ambalo Wajerumani hawakuwahi kulifungua. Midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo.

Nimefanya biashara Kariakoo kwa miaka mingi, na nadiriki kusema kwamba katika wanunuzi mia hapati mmoja anayejua kuwa anatamka jina la kikosi cha wafu. Kwa hesabu za serikali yenyewe walikufa zaidi ya elfu 40, na wanahistoria wengi hutaja idadi inayokaribia laki moja. Wachache tu walikufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva. Nani alimbeba mbebaji alipoanguka? Mara nyingi hakuna. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya jiji inamwonyesha askari na bunduki yake peke yake. Wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini. Nairobi angalau walimpa mpagazi nafasi juu ya jiwe pamoja na askari. Katika makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo mnaweza kuona ukumbusho wa Waingereza na Wahindi waliofariki katika vita hivyo na ambao makaburi yao hayajulikani. Majina yameandikwa. Majina ya wapagazi hayakuandikwa popote.

Wakati wa amani, ambulensi ilichukua sura nyingine. Miji ya Marekani ilianza kuwa na magari ya hospitali yanayovutwa na farasi mara baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Cincinnati mwaka 1865 na New York mwaka 1869. Madaktari waliojifunza vitani walirudi na ujuzi huo nyumbani. Kwetu, Chama cha Msalaba Mwekundu kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Lakini gari la wagonjwa la Tanzania, kwa muda mrefu, halikuwa gari la kumfuata mtu nyumbani. Lilikuwa gari la kumhamisha mgonjwa kutoka zahanati kwenda kituo cha afya, na kutoka hapo kwenda hospitali ya wilaya au ya rufaa. Kufika kwenye zahanati ilikuwa juu yako, kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa teksi ukiwa na fedha. Siku hizi ni kwa bajaji na bodaboda. Wakazi wa Kigamboni, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2016, walikuwa na zaidi ya hayo: kungoja kivuko, mgonjwa akiwa amelala ndani ya gari.

Temeke ilipata somo lake tarehe 29 Aprili 2009, siku ya Jumatano, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala. Vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya vita viliangukia nyumba za watu walio katika amani. Zaidi ya watu 20 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Dereva wa duka langu alikuwa Barabara ya Kilwa na pikapu yenye mifuko ya saruji. Aliishusha mifuko kando ya barabara bila kuniuliza, akawapakia majeruhi saba, akaenda nao Hospitali ya Temeke, kisha akarudi tena mara mbili. Jioni aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Hakuogopa mabomu, aliogopa jinsi ya kumshika mama mmoja aliyevunjika paja, kwa kuwa kila alipomgusa alipiga yowe, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Moyo alikuwa nao, na gari pia. Kilichokosekana ni mafunzo ya saa chache, na ubao wa kumlaza.

Tangu wakati huo yapo yaliyosonga mbele. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kutangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022, unamwezesha mama mjamzito au aliyejifungua kupiga namba 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo, dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kufundishwa humchukua, naye hulipwa nauli yake kwa simu. Naupenda mpango huo kwa sababu umemtambua yule dereva wa pikapu.

Nimeyaandika haya kwa sababu inayofahamika kwa waumini. Kamati ya hekalu imependekeza kwamba michango ya jubilei hii inunue gari la wagonjwa, na yamezuka maswali mawili ambayo tumeyajadili kwa sauti kubwa kidogo. Swali la kwanza ni kama gari litahudumia wanachama tu au mtaa mzima. Waliosema wanachama tu ni wazee wenzangu, wanayo hofu ya gharama, na sina nia ya kuwadharau. Ila mimi naona tukiliandika gari jina la hekalu na kulifungia jirani mlango, tutakuwa tumerudi nyuma ya Larrey, aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita, na nyuma ya vibarua wale wa Natal.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni la kibiashara. Gari ni sehemu ndogo ya gharama. Mtungi wa oksijeni hujazwa, matairi huisha, bima hulipwa kila mwaka, na gari lisilo na dereva usiku ni pambo la uani. Nimewapa wanakamati makadirio ya madereva watatu wa zamu na muuguzi mmoja, kwa miaka mitano, nikapendekeza nusu ya mchango iwekwe benki kwa ajili hiyo kabla gari halijaagizwa. Nimependekeza pia Msalaba Mwekundu uombwe kuwafundisha vijana wetu huduma ya kwanza, na pamoja nao madereva wa bajaji wa kituo kilicho mbele ya lango letu, maana hao ndio watakaofika kwanza. Madereva 11 wa kituo hicho wamekwisha kujiandikisha. Vijana wa hekalu, hadi ninapoandika, ni wanne.